Pua Haina Mhuri

Mwaka 2024 Gavana Gavin Newsom wa California alitia saini sheria: kuanzia Julai 1, 2026, mnunuzi asioneshwe tena maneno "uza kabla ya" kwenye pakiti za chakula. Yabaki "bora kabla ya", yaani ladha, na "tumia kabla ya", yaani usalama. Kumbe miaka yote watu walimwaga maziwa mazuri kabisa kwa kusoma ujumbe uliomlenga mwenye duka! Barua ni ya jirani, matanga umeweka wewe.

Bibi yangu hakusoma pakiti. Alifunua sufuria, akainamisha pua, akanyamaza kidogo, kisha ama akapakua ama akaita kuku. Bunge halikuhitajika. (Pua, nakiri, haina mhuri wa serikali.) Yai alilitumbukiza majini, likielea, kesi imekwisha.