Mwalimu Mwenye Hali Tatu

Mimi ni mtoto wa Tanga, nimekulia juu ya mbuzi ya nazi. Nilipohamishiwa Njombe kufundisha sayansi darasa la nne, mama alinifungia chupa ya mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe, akasema baridi ya huko itanipasua midomo. Mimi nikaona nimepata zana ya kufundishia.

Juni, saa mbili asubuhi, nyasi nje zimetanda sakitu. Nikaandika ubaoni: hali za maada ni yabisi, kimiminika na gesi. "Kimiminika," nikasema kwa madaha, "ni kama hiki," nikainamisha chupa juu ya bakuli.

Hakikutoka kitu.

Nikatikisa. Nikaipigapiga kitako kama mama anayemcheulisha mtoto. Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono, kwa adabu zote: "Samahani mwalimu, hiyo si yabisi?"

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Tanga hayo hayatusumbui. Njombe asubuhi ile hatukuwa tumefika hata 10. "Tutayayeyusha," nikasema, nikaichomeka chupa kwapani, ndani ya koti, somo likaendelea. Kizibo sikukikaza.

Kwapa la mtu wa pwani halina mzaha. Baada ya robo saa nikahisi uvuguvugu unateremka ubavuni, ukavuka kiuno, ukashika njia ya goti.

"Kimiminika kina sifa gani?" nikauliza, sauti imenipaa.

"Hufuata umbo la chombo chake!" wakaitika wote, macho kwenye suruali yangu.

Nikaona heri nikimbilie gesi. Kumbe maharage ya jana nayo yalikuwa yanasubiri zamu. Kwetu maji huchemka kwa nyuzi 100. Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, yanachemka kwenye 93 hivi, na maharage yanataka subira ambayo sikuja nayo. Nilikuwa nimeyaepua kwa saa za Tanga.

"Gesi," nikasema, nimebana kila kinachobanika, "haina umbo maalumu. Mara nyingi huioni. Lakini ukiiachia, hujaza chumba chote."

Ikajaza. Kiranja akasimama bila kuagizwa, akafungua madirisha yote, na baridi ikaingia kama iliyoalikwa. Hadi kengele ya mapumziko mafuta yalikuwa yameshaganda upya, mguu mmoja wa suruali umekakamaa kama bati. Nikatoka darasani kwa kuchechemea, nyuma yangu kimya cha heshima kubwa.

Ijumaa nikawapa jaribio. Swali la tatu: taja kitu kimoja ulichowahi kukiona katika hali zote tatu. Nilitegemea jibu la kitabuni: barafu, maji, mvuke.

Nusu ya darasa waliandika "mwalimu". Nikakaa na kalamu nyekundu muda mrefu, nikitafuta kosa. Mwisho nikawapa vema.