Baiskeli ya Resi Kwenye Mizani ya Likoni

Baiskeli ya resi hutambuliwa kwa usukani uliokunjwa kuelekea chini kama pembe za kondoo dume, tairi nyembamba, na kiti ambacho mtu akikiona mara ya kwanza hudhani fundi wake aliitwa chakula kabla hajamaliza kazi. Likoni, Kisauni na Changamwe, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, hufika kwa njia chache: ndani ya kontena la mitumba, kutoka kwa jamaa wa Ulaya anayepunguza vitu nyumbani, au kwa mgeni anayerudi kwao na anaona haya kuitupa. Anayepewa mara nyingi hakuiomba. Huanza kujiuliza bei yake siku hiyo hiyo, na majirani humsaidia hata kama hajawauliza.

Makadirio ya kwanza hutolewa bure na mnunuzi wa vyuma chakavu. Huyu hana habari na jina, ana mizani. Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya kubebea watu, maji na kreti za soda, hukaribia kilo 20. Resi nzuri ya chuma ya miaka ya 1970 huwa na kilo 10 au 11. Tangu mwaka 1935 kampuni ya Reynolds ya Birmingham, Uingereza, ilikuwa ikiuza bomba za 531, nyembamba lakini imara, ili fremu iwe nyepesi. Kwa hesabu ya Likoni, kila gramu iliyopunguzwa kule ilipunguza bei huku. Hesabu haina kosa lolote, ila inamtia hasara mwenye mali.

Makadirio ya pili ni ya dalali, nayo hukosea kwa upande wa pili. Kwake kila resi ni ya Froome. "Shekhe, hii ndiyo aliyoshindia yule kijana wa Nairobi." Ni kweli Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akalelewa kimichezo na David Kinjah, akashinda Tour de France mara 4 kati ya 2013 na 2017. Lakini alishinda juu ya Pinarello ya kaboni, na hii inayouzwa hunaswa na sumaku iliyotolewa kwenye spika mbovu. Sumaku ikinasa fremu, hiyo ni chuma. Isiponasa, huenda ni alumini au kaboni, na dalali huongeza bei papo hapo.

Maandishi ya ubavuni si ushahidi. Fremu iliyopita kwa fundi mwenye kopo la rangi ya kupuliza yaweza kuwa Raleigh kwenye bomba la chini, Peugeot shingoni na Arsenal chini ya kiti. Ukweli uko kwenye namba ndogo zilizogongwa mahali ambapo hakuna aliyefikiria kupaka rangi. Mguu wa kiti ukichomolewa, kipenyo chake huwa kimeandikwa karibu na ncha ya chini. Kwa fremu nyingi za Kiingereza na Kiitalia, 27.2 ni dalili ya bomba nyembamba za thamani. Namba ikishuka hadi 26 au chini yake, bomba ni nene na matumaini yapunguzwe kwa kiasi hicho. Habu ya gia 3 ya Sturmey-Archer aina ya AW, iliyoanza mwaka 1936, huwa imegongwa mwaka na mwezi. Gia ya nyuma ya Campagnolo Nuovo Record ya miaka ya 1970 huandikwa mwaka wake, kama Patent-74, ingawa wapo wauzaji wanaoapa kwamba hiyo ni idadi ya gia.

Shimano walitumia herufi mbili, zinazoonekana nyuma ya mkono wa pedali. Ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. KD basi ni Aprili 1986. Balaa ni kwamba Z iliisha mwaka 2001 na hesabu ikarudi A, kwa hiyo KD ni Aprili 2012 vilevile. Vijiti vya gia vikiwa kwenye bomba la chini, chukua mwaka wa zamani. Vikiwa ndani ya mikono ya breki, mtindo ambao Shimano waliutoa mwaka 1990, chukua wa karibuni.

Tairi ndiyo inayomaliza pesa na heshima ya mtu. Resi za zamani za Kiingereza zina rimu ya inchi 27, yenye kipenyo cha milimita 630 pale tairi inapokaa. Zilizofuata zina 700C, ambayo ni milimita 622. Black Mamba ina 28, ambayo ni milimita 635. Nayo 700C, kwenye lebo za Ulaya, huitwa 28 pia. Mtu huenda dukani Magongo akiwa na karatasi iliyoandikwa 28, akauziwa 28, na wote wawili wana haki. Aliye na rimu ya 622 hugundua mapema, kwani tairi humpwaya wazi. Anayeumia ni mwenye 630: ile ya 635 humwingia kwa mikono mitupu, bila kijiko wala jasho, naye hushukuru. Kisha hujaza upepo. Tairi huruka ukingoni, tyubu hujitokeza na kupasuka, na mtaa mzima wa Mtongwe hutoka kuangalia ni transfoma gani imelipuka.

Hata kujaza upepo kwenyewe kuna mkasa. Valvu ya resi nyingi ni nyembamba na ndefu, ina nati ndogo juu ambayo lazima ilegezwe kwanza. Pampu ya barabarani haishiki hapo. Fundi wa pancha huamua kwamba valvu imeharibika, hupanua tundu la rimu kwa drili ili iingie ya kawaida, na rimu iliyokuwa na mteja Ulaya hubaki na wateja wa Kisauni tu.

Mhimili wa pedali nao una nchi yake. Kikombe cha upande wa mnyororo kwenye baiskeli ya Kiingereza hufunguka kinyume na desturi. Cha Kiitalia hufunguka kawaida, na cha Kifaransa cha zamani mara nyingi vivyo hivyo. Asiyejua hukaza kwa nguvu zote akidhani anafungua, kisha huomba nyundo. Nyuzi zikishakatika, fremu ni pambo la ukutani, bila kujali stika.

Pwani huongeza chumvi. Mguu wa kiti wa alumini uliokaa miaka ndani ya bomba la chuma bila grisi hushikamana nalo, na hewa ya bahari huharakisha kazi hiyo. Kwa hiyo kiti kizungushwe kabla ya pesa kutoka mfukoni. Muuzaji akikataa kisiguswe kwa sababu "kimeshapimwa urefu wako kabisa", apongezwe kwa jicho lake na mnunuzi aende zake. Vidole vipitishwe pia chini ya bomba, nyuma kidogo ya shingo: uvimbe au mkunjo hapo maana yake baiskeli iligonga kitu uso kwa uso, na rangi mpya hapo tu si bahati.

Baada ya yote hayo bei hupatikana, lakini si moja. Mpenzi wa vitu vya kale hulipia uasilia: usukani wake, gia zake, hata mikwaruzo yake. Mchuuzi anayebeba mboga kutoka soko la Kongowea hulipia kinyume chake: usukani ulionyooka, keria imara, stendi ya miguu miwili na tairi zinazopatikana kila duka. Fundi humgeuzia resi katika mchana mmoja, na thamani hupanda Kisauni saa ileile inaposhuka kwingine. Jambo la kudai hapo ni gunia: usukani wa zamani, gia, breki na ule mguu wa kiti wenye namba 27.2 vitiwe humo na virudishwe nyumbani, kwa kuwa fundi huvihesabu kuwa sehemu ya malipo yake asipoambiwa mapema.