Sifa za Mabano Yatanguliayo Barua

Washairi wetu wamewasifu masultani, majahazi, minazi na hata viongozi waliokuja kugeuka aibu, lakini juu ya mabano mraba hawakusema neno. Nayasema yale yanayobandikwa na programu ya kundi mwanzoni mwa mada ya kila barua pepe: [Wahitimu], [Kamati], [Mradi wa Maji]. Hayajawahi kukosa kazini. Ujumbe uwe wa harusi, wa msiba au wa mtu aliyebonyeza kitufe kwa bahati mbaya, mabano yameshatangulia. Kunyamaziwa huku ni dhuluma, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza, nitayasifu mimi.

Asili yake ni ya kinyenyekevu. Anayefungua kundi kwa Mailman, programu huria iliyoanzishwa na John Viega miaka ya 1990 na kulelewa kwa muda mrefu na Barry Warsaw, hukuta kisanduku kidogo cha kuandikia kitangulizi cha mada. Asipokigusa, programu hujiwekea jina la kundi ndani ya mabano. Maelezo yaliyo kando yake yanamsihi msimamizi awe mfupi, hata ikibidi kulikata jina refu. Ni maelezo mazuri, na hakuna anayeyasoma. Akitaka utukufu zaidi huongeza alama ya %d, na programu inaanza kuhesabu: [Wahitimu 1], [Wahitimu 2], hadi [Wahitimu 4817], ili mwanachama ajue hii ni barua ya ngapi asiyoisoma.

Majina nayo hayakubali kukatwa. Kundi huzaliwa na jina lake la kwenye katiba, na waliogombana miezi sita juu ya katiba hawatakubali neno moja lidondoke. Tuseme basi ni [Umoja wa Wahitimu wa Zamani - Majadiliano ya Jumla]. Hapa mabano yanaonyesha kwamba ni ya kwetu, hata kama yalitungwa ughaibuni. Katika hafla zetu hakuna anayeanza na hoja. Huanza na mgeni rasmi, mkuu wa wilaya, mwenyekiti, viongozi wa dini, wazee na wageni waalikwa, na mzungumzaji akichoka husema itifaki imezingatiwa. Mabano ndiyo itifaki ya barua pepe, ila yenyewe hayachoki.

Kwenye simu, ambako mada hupewa mstari mmoja tu, mwanachama husoma “[Umoja wa Wahitimu wa Zamani - Maj…”, na barua inayofuata inasema hivyohivyo, na ya tatu vilevile. Kama kuna aliyefariki, kama mchango unafungwa leo, kama mkutano umehamishwa, hayo yote yamo upande wa kulia, nje ya ukingo wa kioo. Wasioyapenda mabano huita hii hasara. Mimi naiita usawa. Barua ya mwenyekiti na ya anayeuza mitumba zinafanana sura, na kwa kuwa msomaji hawezi kujua ipi ya kupuuza bila kuifungua, huzipuuza zote kwa haki.

Asiseme mtu kwamba haya ni mambo ya kompyuta tu. Mtanzania aliyewahi kuomba kazi kwa barua aliandika YAH: kwa herufi kubwa, akaipigia mstari kwa rula. Mkenya akaandika KUH: au MINT:, na wote wawili walijua kuwa karani bila hiyo hajui afungue faili gani. Barua pepe nayo ilirithi Re: kutoka ofisi za Wazungu. Mwongozo wake wa kiufundi, RFC 5322 wa mwaka 2008, unaeleza kuwa Re: imetoka kwenye Kilatini na kushauri itumike moja tu, kwani zikizidi huleta matokeo yasiyopendeza. Ushauri huo umepata wasomaji sawa na ule wa Mailman. Programu ya Mjerumani hujibu kwa AW:, ya Mswidi kwa SV:, ya Mpolandi kwa Odp:, na kila moja ikikuta kifupisho isichokijua hudhani ni sehemu ya mada, nayo huongeza chake. Mazungumzo ya watu watatu wa nchi tatu huweza kuishia kuwa Re: AW: SV: Re: AW:, na katikati ya msafara huo mabano yamekaa kwa utulivu. Programu zenyewe hazijakubaliana kama Re: ikae kabla ya mabano au baada yake.

Mabano yana ndugu. SpamAssassin, programu ya kunusa barua taka, inaweza kuwekwa iandike *****SPAM***** mwanzoni mwa mada: nyota tano kila upande, heshima ambayo hoteli nyingi zimeitafuta bila kuipata. Siku hizi kampuni hubandika [EXTERNAL] kwenye kila barua itokayo nje, ili mfanyakazi awe macho na matapeli. Kwa kuwa karibu kila barua yenye maana hutoka nje, baada ya muda jicho hulizoea neno hilo na kuliruka.

Kuna ukoo mmoja wa mabano ulioajiriwa kweli. Watengenezaji wa kiini cha Linux hutumiana marekebisho ya msimbo kwa barua pepe, na mada huanza na kitu kama [PATCH v3 2/7]: hili ni rekebisho, toleo lake la tatu, la pili kati ya saba. Git, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huyaandika mabano hayo, na rekebisho likipokelewa amri ya git am huyavua kabla ya kuliingiza kwenye kumbukumbu. Mabano yanayofanya kazi kisha yakaondoka! Hayo siyasifu, yananiharibia hoja.

Kilele cha utukufu kilikuwa Aprili 2014. Wakati huo seva nyingi zilikuwa zikitia saini ya kidijitali kwenye barua kwa utaratibu uitwao DKIM, na saini hiyo kwa kawaida hufunika hata mada. Kundi likiongeza [Wahitimu], mada si ile tena, na saini haikubaliki. Kwa miaka kadhaa hilo halikumsumbua mtu sana. Kisha Yahoo, wakichoshwa na wanaoghushi anwani za wateja wao, wakatumia utaratibu mwingine, DMARC, kuitangazia dunia: barua yenye anwani yetu isiyothibitishwa, ikataeni. AOL wakafuata mwezi huohuo. Mwanachama mwenye anwani ya Yahoo akiandika kundini, seva za wenzake zikaikataa barua yake. Programu za makundi, ambazo huhesabu barua zilizorudi kama kosa la aliyeshindwa kupokea, zikaanza kuwaondoa wapokeaji ambao hawakuandika hata nukta.

Mabano hayakuwa na hatia peke yake. Tangazo linalobandikwa mkiani mwa barua liliharibu saini vilevile. Dawa ingeweza kuwa kuviacha vyote viwili na kuipeleka barua kama ilivyoandikwa. Badala yake makundi mengi yakaondoa anwani ya mwandishi kwenye nafasi ya mtumaji na kuweka ya kundi, jina likawa “fulani kupitia Wahitimu”. Ilipobidi kuchagua kati ya mtu na mabano, mabano yalibaki. Sultani gani alipata utiifu wa namna hiyo?

Hata kustaafishwa hayakubali. Tangu 2001, kwa RFC 2919, barua ya kundi inaweza kubeba mstari uliofichika uitwao List-Id, na programu nzuri huusoma na kuipeleka barua kwenye folda yake bila kugusa mada. Kwa kompyuta, mabano yalimaliza kazi siku hiyo. Lakini List-Id haionekani kwa macho, na wengi wetu hatujawahi kutengeneza kichujio hata kimoja. Kikasha kimoja kimebeba risiti, benki, bosi na shangazi aliyeko Muscat, na humo neno fupi ndani ya mabano ndilo linalosema kwamba jambo hili linaweza kusubiri jioni. Waliokuwa kwenye makundi ya barua pepe ya Wanabidii kule Tanzania au KICTANet kule Kenya wanalijua hilo: [wanabidii], [kictanet], herufi ndogo chache, na mtu alishajua anaingia kwenye mjadala wa namna gani.

Msimamizi mwenye shaka akifute tu kile kisanduku na kuhifadhi. Siku hiyohiyo mwanachama mmoja atauliza barua hizi zinatoka wapi na kuomba aondolewe, naye ataliandikia kundi zima. Wa pili atamwambia, mbele ya kundi zima, aache kuliandikia kundi zima. Wa tatu atasema naye aondolewe. Kufikia usiku mada itakuwa Re: Re: Re: Fwd: Re: Nitoeni, na hakuna atakayejua anatolewa wapi.