Namna ya Kupata Wajina Dunia Nzima: Mwongozo kwa Akina Yohana

Unaitwa Yohana na unalalamika kwamba mtaa mzima huna wajina? Shida yako ni kumtafuta kwa sikio. Fuata mwongozo huu, na kufikia jioni utakuwa nao kuanzia Zanzibar mpaka Moscow.

Kwanza, nenda kwa jirani yako Yahya, umwamkie "wajina". Akishangaa, mkae msome. Katika Injili ya Luka, sura ya kwanza, jamaa walitaka mtoto wa Zakaria apewe jina la baba yake. Mama akakataa, akasema Yohana. Wakambishia: katika ukoo wenu nani anaitwa hivyo? Ikabidi baba, ambaye ulimi ulikuwa umefungwa, aandike kibaoni. Katika Surat Maryam, aya ya 7, Zakaria anabashiriwa mwana aitwaye Yahya, jina ambalo hakupewa mtu kabla yake. Mzee yuleyule, mtoto yuleyule, na vitabu vyote viwili vinasisitiza kwamba jina ni geni. Kwangu mimi, uzuri wote uko hapa: jina lililobishiwa kwa ugeni ndilo limeenea kila bara, na wenye nalo wanapishana mlangoni bila kutambuana. Mnywe chai kabisa.

Pili, ujue mzizi. Ni Kiebrania, Yohanan, yaani Yahweh ana neema. Wagiriki wakatamka Ioannes, Walatini Iohannes, na baada ya hapo kila taifa likakata lilipopenda. Wajerumani walifyeka kichwa wakabaki na Hans. Wahispania wana Juan, Wareno João, Waitalia Giovanni, Warusi Ivan, Waarmenia Hovhannes. Watu wa Ayalandi wanalo mara mbili: Eoin lililotoka Kilatini, kisha Seán, lililoletwa na Wanormani waliokuwa wakisema Jehan. Kiayalandi hakikuwa na sauti ya j, wakaweka sh, maisha yakaendelea. Kwa hiyo karani aliyekuandika John kwenye cheti akidhani anakusahihisha, hakusahihisha kitu. Yohana lako liko karibu zaidi na Yohanan kuliko hilo lake. Lidai.

Ukipita Ethiopia, mtaje Kassa, aliyetawazwa Aksum mwaka 1872 akawa Mfalme Yohannes wa Nne. Ukifika Roma, wakumbushe kwamba Papa aliyechaguliwa mwaka 1958 alijiita Yohane wa 23, ilhali ukiwahesabu wote humpati Yohane wa 20. Waandishi wa orodha, karne nyingi zilizopita, walichanganya hesabu, na pengo limebaki hadi leo.

Tahadhari: usimdake kila mtu kwa sababu ya herufi mbili za mwanzo. Yona kwa Kiebrania ni njiwa. Jonathan ni Yahweh ametoa. Hao wasalimie vizuri, wana wajina wao.

Wanawake ndio wanaosahauliwa kila mara katika hesabu hii, na ni kosa kubwa. Joan, Joana, Ivana, Giovanna, Siobhán, hata Jeanne d'Arc aliyechomwa moto Rouen mwaka 1431, wote wamo. Kama una dada anayeitwa Jane, mpigie simu sasa hivi: wazazi wenu waliwapa jina moja, na hakuna aliyewaambia.