Ziara ya Mawe ya Msingi

Mpwa wangu anasoma Dar es Salaam, na likizo hii amekuja Bariadi na tabia mpya: analipa ili atembee. Simaanishi nauli wala hela ya bodaboda. Analipa ili aende kwa miguu yake mwenyewe. Anasema huko kuna vijana ambao kazi yao ni kukusanya watu asubuhi pale kwenye Sanamu ya Askari, wakawapitisha jengo hadi jengo juani huku wakiwasimulia nani alijenga nini. Mkishachoka, mnatoa pesa na mnasema asante.

Nimejaribu kulielewa jambo hili nimeshindwa. Karne ya 19 Wasukuma na Wanyamwezi walikuwa wakienda pwani na kurudi kwa miguu, pembe za ndovu begani, na mwenye msafara ndiye aliyewalipa wao, kwa vitambaa na shanga. Leo mjukuu wa mpagazi hana mzigo wowote, amebeba chupa ya maji tu, na bado anayelipa ni yeye. Kuna mahali tulipigwa kwenye hii biashara.

"Mjomba, lakini ni historia," ananiambia, kisha ananimwagia yote aliyosomeshwa. Boma la Kale lilijengwa 1867 enzi za Sultani Majid, kwa mawe ya matumbawe. Kanisa la Azania Front ni la Wajerumani, 1898. Sanamu ya Askari iliwekwa na Waingereza 1927, na kabla yake hapo hapo alisimama Mjerumani Wissmann mpaka Waingereza walipoiteka Dar es Salaam wakamng'oa.

Nikamuuliza hiyo sanamu ni kumbukumbu ya nani. Akasema ni ya askari na wapagazi wa Kiafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Mpagazi kasimama upande gani? Akakuna kichwa. "Mpagazi yupo kwenye maandishi, Mjomba. Chini pale."

Nilijua tu. Mwenye bunduki kapewa shaba, mwenye mzigo kapewa sentensi.

Halafu anaiita ziara hiyo "ya mji mkuu". Nikamkumbusha kwamba mji mkuu ni Dodoma, uamuzi ulifanywa 1973 na sheria ya kuutangaza ikapitishwa 2018, kwa hiyo serikali ilikuwa na muda wa kutosha kufungasha na yeye alikuwa na muda wa kutosha kusikia. Hakukasirika. Akasema Dodoma zamu yake itafika, kwa sasa tuanze na hapa. "Si Bariadi ni makao makuu ya mkoa?"

Hapo ndipo nilipobanwa. Makao makuu ni kweli, lakini mkoa wa Simiyu wenyewe ulizaliwa 2012. Kabla ya hapo tulikuwa Shinyanga, na kabla ya kuwa wilaya tulikuwa kipande cha Maswa. Mkoloni alipotaka boma alikwenda Maswa. Reli ya Mwanza ilipofika 1928 ilipita Malampaka, huku sisi tukiisikia kwa mbali. Watemi tulikuwa nao, Ntuzu, Itilima, Kanadi, na serikali ikaufuta utemi nchi nzima 1963, lakini ikulu zao zilikuwa za miti na nyasi, na mchwa hawakusubiri Idara ya Mambo ya Kale. Sultani Majid alikuwa na matumbawe. Sisi tulikuwa na ng'ombe, na ng'ombe hawekwi makumbusho, analiwa.

Tukatoka hivyo hivyo. Tatizo la kwanza la kumtembeza mtu Bariadi ni salamu. Dar es Salaam mnapita, hapa huwapiti watu. Mwangaluka kwa muuza michembe, mwangaluka kwa fundi baiskeli, na kila mwangaluka ina mkia wake: nyumbani vipi, ng'ombe vipi, mvua kwenu imenyesha, na huyu kijana ni wa nani mbona amekonda. Hatujalimaliza soko, watu wakawa wameshahamia mwadila, salamu ya mchana. Mpwa wangu akasema ratiba imevurugika. Ratiba ya nini? Wissmann alikuwa haulizwi habari za shambani.

Tatizo la pili ni kwamba kijana huyu haamini kitu kisicho na maandishi. Alitaka bango, au jiwe lenye mwaka na jina. Nikasema kumbe ni hilo tu, mawe yenye majina tunayo mengi. Nikampeleka kwenye mawe ya msingi.

Ndugu msomaji, kama hujatembea mji wa Tanzania ukisoma mawe ya msingi, hujaijua nchi yako. Bweni lina jiwe. Kisima kina jiwe. Darasa lina mawe mawili, moja la kuanza na moja la kuzindua, na ufa umepita katikati. Mengine yamewekwa na Mheshimiwa, mengine na kiongozi wa mbio za Mwenge, ule Mwenge uliowashwa mlimani Kilimanjaro 1961 na ambao kila mwaka ukipita huacha mawe nyuma yake. Tulifika kwenye choo cha shule chenye jiwe zuri la marumaru kuliko makaburi ya ukoo wetu. Mpwa wangu akapiga picha, akajipiga na yeye humo. Fundi aliyechimba shimo hakutajwa. Nikamkumbuka yule mpagazi.

Kivuli tulikipata kwenye ghala bovu la pamba. Ndani yake kuna mzani wa chuma umekula kutu, na nje kuna mzee ambaye sijui kama huwa anakwenda nyumbani. Tukamsalimu, mwadila guku, akaanza bila kuombwa. Kwamba zamani za mkoloni mnunuzi wa pamba ndiye alikuwa mwenye mzani, na pamba ikipanda mzanini ilikuwa inakonda. Kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukumani walichoka, wakaweka vijana wao wa kusoma mzani, wanasimama kando tu na kutazama, na kilo zikaanza kurudi. Humo ndimo alimopandia kiongozi wao Paul Bomani wa Mwanza, na humo ndimo vilimozaliwa vyama vilivyoungana 1955 kuwa VFCU, mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika 1976, ikavirudisha miaka ya themanini baada ya kuona kilichotokea. Mzee alisimulia yote hayo akiuangalia mzani kwa jicho la mtu ambaye bado hauamini.

Mimi nilisisimka. Mpwa wangu alikuwa anatafuta mtandao.

"Gambosi je?" akauliza kijana, mzee aliponyamaza kumeza mate. Ndicho pekee anachokijua kila mtu wa Dar kuhusu wilaya yetu: kijiji ambacho eti usiku hugeuka jiji la maghorofa na taa, asiye mchawi haoni. Wenyeji wamechoka kukanusha. Kijana akasema, "Basi kumbe majengo mnayo, Mjomba!" Tukacheka, ila mimi nusu nusu, kwa kuwa Usukumani vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, mekundu ya moshi wa kuni za kuwapikia hao hao waliowaua. Hilo nalo halina jiwe popote.

Nyumbani akahesabu picha zake. Mawe ya msingi yapo yote, na choo kimo. Mzani haumo, kwa sababu, anasema, hapakuwa na maelezo.

Basi naomba wahusika, bango moja tu pale ghalani, lisomeke: hapa pamba ilipimwa, na wakulima walisimama kando kutazama. Mbao nitatoa mimi, misumari ninayo. Na tafadhali lisiwekewe jiwe la msingi.