Shangazi wa Skrini: Mwana wa Mfalme Kanenepa

Shikamoo shangazi. Nilimwacha Prince of Persia nikiwa darasa la sita, kijana mwembamba anayeruka mashimo kama paka. Juzi nimemrudia kwenye skrini mpya, nikamkuta na mabega ya mbeba magunia. Nimemkosea nini? — Mwenye Huzuni, Tabora

Marahaba mwanangu. Hujamkosea, wala yeye hajala kitu. Mwili ule ni wa mtu kweli: Jordan Mechner, aliyetoa gemu hiyo mwaka 1989, alimrekodi mdogo wake David akikimbia na kuruka, halafu akamchora kutoka kwenye video, pozi baada ya pozi. Skrini za siku zile zilikuwa na upana wa nne kwa kimo cha tatu. Yako ni kumi na sita kwa tisa, na inamvuta mbavu mpaka ajae ukuta hadi ukuta. Ameongezeka theluthi nzima. Aliyevaa suruali ya kiuno 30 sasa anatafuta 40.

Kama unamchezea ndani ya DOSBox, fungua faili la mipangilio, tafuta mstari wa aspect, uandike true. Kwenye mipangilio ya kadi ya picha nako, chagua kutunza uwiano, usichague kujaza skrini. Skrini ya 1920 kwa 1080 itamwachia pikseli 1440 za upana, na kila upande utabaki ukanda mweusi wa 240. Najua kanda hizo zinawaudhi wengi: mtu kalipia skrini nzima, anataka nzima. Haya, mnenepesheni, ila msiniandikie tena.

Shangazi, kwenye Age of Empires II yangu nikimbofya mwanakijiji anaitika kondoo, na kiramani cha kona ya chini kimekatwa. Laptopu ni mpya kabisa! — Mfalme Asiyetiiwa, Thika

Upya wake ndio kesi. Umeiwekea ukuzaji wa asilimia 150 ili herufi zisomeke, sivyo? Sasa Windows, kwa huruma tu, huidanganya programu kongwe: skrini ya 1920 kwa 1080 huambiwa ni 1280 kwa 720. Hapo ndipo hesabu ya mausi na hesabu ya picha zinapoweza kupishana. Bofya kulia ikoni ya gemu, fungua sifa zake, ingia kichupo cha upatanifu, kisha mipangilio ya DPI. Weka tiki kwenye kubatilisha, uchague programu ijiamulie yenyewe. Herufi za kazini hazitaguswa.

Shangazi, StarCraft imejaa ukungu. Nimeshapima macho na kununua miwani. — Haoni, Mombasa

Pole baba. Gemu ya 1998 ina mistari 480. Kuifikisha 1080 unazidisha kwa 2.25, na robo ya pikseli haiuzwi popote. Kompyuta inachanganya rangi za majirani, ndiyo ukungu huo. Tangu 2019, Nvidia na Intel wana ukuzaji wa namba kamili kwa baadhi ya kadi zao: zidisha mara mbili, upate 1280 kwa 960, makali kama wembe. Miwani usiirudishe dukani, maana picha itakaa katikati ya skrini, ndogo.