Imani ya Kiwanja

Wasomi wanaumiza vichwa: Mkwere, Mmakonde na Mchagga, Muislamu na Mkristo, wataunganishwa na maadili gani? Waje Bagamoyo. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kikalegeza kamba hiyo. Siku hizi waheshimiwa wa dini zote (na makabila yote, hatubaguani) ni waumini wa kiwanja cha ufukweni. Ukuta wa tofali, geti jeusi, mlinzi na redio yake ya mkulima. Mvuvi akiulizia njia ya kupitisha nyavu kwenda pwani, anajibiwa kwa adabu zote: “Shikamoo mzee, zungukia kwa jirani.” Jirani naye kashajenga ukuta.